Kung'oa ukucha wa mguu: bei yake, kidonda chake, na swali la kuuliza kabla hujalipa

Ukucha wa kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto umeng'olewa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2021, kwenye zahanati binafsi ya mtaani. Nililipa shilingi 45,000 za Tanzania, nikatoka nachechemea huku nikijipongeza kwa kupata bei nzuri. Miezi kumi na moja baadaye ukucha mpya ulikuwa unakaribia ncha ya kidole, na kona ileile ilikuwa imezama kwenye nyama ileile. Mara ya pili nililipa zaidi, lakini mpaka leo navaa kiatu cha ngozi, nasimama darasani vipindi sita, na kidole kimenyamaza.

Tofauti ya safari hizo mbili haikuwa ukubwa wa hospitali. Mara ya kwanza waliung'oa ukucha na kuuacha mzizi wake. Mara ya pili waliua kipande cha mzizi kilichokuwa kinaotesha ile kona. Kwa hiyo kabla hujauliza "shilingi ngapi?", uliza kwanza: "Mzizi wa upande huu mtauua, au mnang'oa tu?" Mengi yaliyomo humu yanarudi kwenye swali hilo.

Hakikisha ni ukucha ulioota ndani

Ukucha ulioota ndani huuma pembeni, si katikati. Ukingo wake umeingia kwenye nyama, na shuka tu likigusa usiku unaruka. Vitabu husema utaona wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani: ngozi inakuwa nyeusi zaidi kuliko kidole cha jirani, inang'aa, na ukiweka mgongo wa kiganja unahisi joto. Baadaye huja usaha. Ukiuacha zaidi, pembeni huota nyama laini inayotoka damu ukiigusa tu. Hapo ndipo nilipokuwa mimi.

Kuna mambo mengine yanayofanana nao, na matibabu yake ni tofauti. Ukucha mnene, wa manjano, unaomumunyuka kama chaki, hasa usiouma, huenda ni fangasi. Kuung'oa peke yake hakusaidii, maana mpya utaota na fangasi walewale. Dawa ya kumeza ya fangasi wa kucha za miguu, terbinafini, kwa kawaida huchukua wiki 12, na ni ya kuandikiwa na daktari baada ya vipimo. Funza naye hupenda ukingo wa ukucha, lakini yeye huwasha, na utaona kidoti cheusi katikati ya uvimbe mweupe.

Halafu kuna weusi chini ya ukucha. Ukigongwa na kitu, damu ikivilia, weusi huo husogea mbele taratibu kadiri ukucha unavyokua. Ukiona weusi umekuja bila kugongwa, au hausogei, au mstari mweusi unapanuka na kumwagikia kwenye ngozi ya kando, usiende kung'oa. Nenda uchunguzwe saratani ya ngozi. Bob Marley aligundulika na saratani ya aina hiyo chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu mwaka 1977, jeraha ambalo mwanzoni lilidhaniwa ni la mpira. Alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Saratani hii ni adimu, lakini kwa watu weusi nyayo, viganja na chini ya kucha ndiko inakopenda kujificha.

Jaribu nyumbani, ila kwa masharti

Kama hakuna usaha wala nyama iliyoota, jipe wiki mbili. Loweka mguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu dakika 15, mara tatu kwa siku. Chumvi ukitaka, si lazima. Futa mpaka pakauke, kisha kwa kidole safi sukuma nyama ya pembeni itengane na ukucha. Chukua uzi wa pamba safi, usokote mwembamba kama njiti ya kiberiti, uuingize chini ya kona ili ukucha upite juu ya nyama badala ya kuichoma. Badilisha kila siku. Vaa kandambili. Vijana wengi hupona hapohapo bila kumuona mtu.

Usichonge kona kwa wembe. Nafuu utaipata, ya siku tatu, lakini kile kijipande kinachobaki ndani huwa kama mwiba wa samaki na ndicho kitakachokurudisha. Na ile desturi ya kufungua kapsuli ya rangi mbili na kunyunyizia unga wake kwenye kidonda, iache. Unga unakauka, unatengeneza gamba, usaha unabaki chini yake, na nesi atakayekuja kulibandua gamba hilo hatakuonea huruma.

Wapo wasiopaswa kujaribu kabisa: mwenye kisukari, mwenye miguu inayokufa ganzi, mwenye tatizo la damu kutofika vizuri miguuni, anayetumia dawa za kupunguza kinga. Hawa waende moja kwa moja kwa daktari hata kama kona inauma kidogo tu. Kwa mgonjwa wa kisukari kidonda cha kidole ni mlango wa kupoteza mguu, na hakuna anayesema hivyo kumtisha.

Wanang'oa vipi

Njia ya kwanza ni kung'oa ukucha mzima. Ni ya haraka, inafanyika hata zahanati ndogo, na ndiyo ya bei rahisi. Kasoro yake nimeshaitaja: mzizi umebaki, ukucha unarudi, na mara nyingi kona inarudi nao. Tena wakati kidole hakina ukucha, nyama ya mbele huinuka, na ukucha mpya ukifika pale unakuta ukuta.

Njia ya pili ni kukata upande ulioingia tu, kwa urefu, kuanzia ncha hadi chini ya ngozi, kisha mzizi wa upande huo unaunguzwa kwa dawa inayoitwa fenoli. Ukucha unabaki, mwembamba kidogo. Nchi kama Uingereza, ambako wapo wataalamu wanaoshughulika na miguu tu, hii ndiyo njia ya kila siku. Ukucha hurudi mara chache sana ukilinganisha na kung'oa peke yake. Mahali pasipo na fenoli, daktari wa upasuaji anaweza kukata mzizi kwa kisu na kushona nyuzi moja mbili. Kidonda huuma zaidi siku za mwanzo, lakini kazi inafanyika. Mjamzito au anayenyonyesha aseme mapema, maana fenoli kwa kawaida haitumiki kwao.

Kung'oa ukucha wote pamoja na mzizi wote, usiote tena maisha, ni kwa ukucha ulioharibika kabisa. Usikubali kwa sababu tu ndiyo njia pekee anayoijua aliye mbele yako.

Hesabu ya fedha

Bei ya ukutani ni ya upasuaji. Bili ni kitu kingine. Hii ni yangu ya 2023, hospitali binafsi ya kawaida Dar es Salaam, kama ilivyo kwenye risiti nilizozitunza:

Kumuona daktari, 15,000
Kipimo cha sukari, 5,000
Upasuaji mdogo pamoja na ganzi na vifaa, 120,000
Dawa za maumivu, 6,500
Kusafisha kidonda mara sita, kila mara 5,000, jumla 30,000
Bajaji kwenda na kurudi mara saba, 6,000 kila safari, jumla 42,000

Jumla 218,500. Angalia mistari miwili ya mwisho: 72,000, theluthi ya fedha yote, na hakuna aliyenitajia dirishani. Bei kwako itakuwa nyingine, kwa sababu mji, ngazi ya hospitali na mwaka vyote hubadilisha. Mistari ndiyo haibadiliki. Ipeleke dirishani ukiwa umeiandika kwenye karatasi na uombe kila mmoja ujazwe bei. Uliza hasa mambo mawili: kusafisha kidonda kumo ndani ya bei au ni kila ukija? Na ukucha ukirudi ndani ya mwaka, nalipa upya?

Hospitali za serikali hufanya kazi hii pia, kuanzia kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji mdogo hadi hospitali ya wilaya. Bei iko chini. Unachotoa ni muda: leo unaonwa, wiki ijayo unapangiwa. Kama ukucha hauna usaha unaosambaa, kungoja wiki moja hakuharibu kitu. Nesi wa zahanati iliyo karibu na nyumbani anaweza kukusafishia kidonda hata kama ulipasuliwa mbali, na hapo nauli ya bajaji inakufa. Mimi sikulijua hilo mpaka mara ya tano.

Mwenye bima asitosheke na jibu la "tunapokea bima". Uliza kama upasuaji huu umo kwenye kitita chako, kama unahitaji rufaa kutoka ngazi ya chini, na kama kusafisha kidonda kunalipiwa. Ndugu zetu wa Kenya wakumbuke kuwa bima ya afya ya taifa ya zamani, NHIF, nafasi yake ilichukuliwa na SHA Oktoba 2024. Kadi ya zamani haikusaidii kama hujajisajili upya na michango haijalipwa.

Gharama nyingine haina risiti. Mimi ni mwalimu, siku tatu za kupumzika hazikunikata mshahara. Shemeji yangu ni dereva wa bodaboda, na wake ulikuwa mguu wa kushoto pia, mguu wa gia. Alikaa siku kumi bila kupanda pikipiki, na hesabu ya kila siku ya tajiri mwenye pikipiki haingoji kidonda. Kwake yeye siku kumi hizo zilizidi gharama ya upasuaji. Mama ntilie, mlinzi, mhudumu wa hoteli, mtu yeyote anayekula kwa miguu yake, apange siku kwanza kisha fedha.

Siku moja kabla, na siku yenyewe

Kula kama kawaida. Ganzi ni ya kidole tu, hulazwi usingizi. Osha mguu kwa sabuni. Ondoa rangi ya kucha, maana daktari huitazama rangi ya kidole kujua kama damu inafika. Hina na piko havitoki, basi mwambie, ataangalia ngozi. Vaa kandambili au sandali iliyo wazi mbele, na suruali pana chini. Nimemwona mtu ametoka kupasuliwa akiwa na raba yake mkononi na mguu mmoja peku kwenye lami ya saa saba mchana. Tafuta wa kukurudisha nyumbani, usiendeshe.

Mwambie daktari dawa unazotumia, hasa za kufanya damu iwe nyepesi, lakini usiziache kwa uamuzi wako. Mwambie kama una kisukari, kama dawa yoyote ya ganzi iliwahi kukudhuru hata kwenye kung'oa jino, na mara ya mwisho kuchomwa sindano ya pepopunda.

Sehemu mbaya ni sindano, na ni mbaya kweli, sitakudanganya. Hupigwa kwenye shina la kidole, upande huu na upande ule. Unahisi moto unaotanuka kama kidole kinajazwa upepo. Sekunde kama ishirini kila upande. Baada ya hapo ngoja dakika tano hadi kumi. Daktari mzuri atakufinya kwa chuma na kukuuliza. Kama bado unahisi ncha, sema. Kuhisi kusukumwa ni kawaida, maumivu si kawaida.

Kisha hufunga mpira kwenye shina la kidole ili damu isizuie kuona, mara nyingi ni kipande cha kidole cha glovu. Anapitisha kifaa bapa chini ya ukucha, anaukata kwa urefu, anaubana kwa koleo na kuuviringisha nje. Mimi niliomba kukiona kile kipande. Sehemu iliyokuwa imejificha ndani ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani, na mwishoni ilikuwa na jino kama la msumeno, kazi ya wembe wangu mwenyewe. Fenoli hupakwa kwa kijiti cha pamba na kushikiliwa kwenye mzizi dakika chache. Inanuka kama dawa ya kusafishia vyoo. Kazi yote haizidi nusu saa.

Kabla hawajafunga bandeji, uliza kwa sauti: "Mpira mmeutoa?" Usione aibu. Mpira mdogo uliosahauliwa chini ya bandeji huku kidole kina ganzi unaweza kukiua kidole, na wewe usihisi chochote mpaka umechelewa.

Saa 48 za kwanza

Ganzi huisha baada ya saa moja au mbili, nyingine huchukua muda zaidi. Meza dawa ya maumivu kabla haijaisha. Kwa mtu mzima panadoli za miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Aspirini usiimeze kwa ajili ya maumivu haya, inaongeza damu kutoka. Ibuprofeni ni nzuri kwa wengi, lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo, tatizo la figo au mjamzito.

Lala chali, mguu juu ya mito miwili, uwe juu kuliko moyo. Ukiushusha utasikia mapigo ya moyo yamehamia kidoleni. Damu kidogo kupenya kwenye bandeji ni kawaida. Ikizidi, usifungue, bana kwa kitambaa safi huku mguu uko juu dakika 15 bila kuchungulia.

Bandeji isilowe. Oga mguu ukiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa juu ya kifundo. Wanaoswali wasiiloweshe bandeji mara tano kwa siku, kupangusa juu yake kumeruhusiwa. Kwenye madhehebu ya Shafi tuliyo wengi wetu Pwani huongezwa tayamamu. Sheikh wako atakuonyesha namna yake.

Kidonda wiki kwa wiki

Bandeji ya kwanza hufunguliwa baada ya siku moja au mbili. Ikiwa imegandana na kidonda, usivute. Loweka kwenye maji ya vuguvugu yaliyochemshwa mpaka iachie yenyewe. Omba kidonda kifunikwe kwanza kwa gozi yenye mafuta, ile isiyoshika, kisha gozi kavu. Kwangu, shilingi mia chache za gozi ile ziliondoa nusu ya mateso ya kila usafishaji.

Baada ya hapo ni maji safi ya vuguvugu dakika kumi kila siku, kukausha kwa kupapasa, gozi mpya. Spiriti na haidrojeni peroksaidi ni kwa siku ya hospitali, si kila asubuhi, kwa sababu zinaunguza nyama changa inayojaribu kuota. Kuhusu antibiotiki, utazidai na wengine watakuandikia. Mara nyingi ukucha ukishatoka chanzo cha usaha kimetoka, na mwili humaliza uliobaki. Daktari akikwambia huzihitaji, hajakunyima kitu.

Aliyeng'olewa tu, kidonda hukauka katika wiki mbili au tatu. Aliyepakwa fenoli atavuja majimaji ya manjano wiki mbili hadi nne, wakati mwingine sita. Hapa wengi huingiwa na hofu. Mimi nilikimbilia hospitali siku ya tisa nikiamini kimeoza, nikalipa 5,000 nyingine kuambiwa kinapona. Kipimo rahisi ni maumivu. Majimaji yanatoka lakini maumivu yanapungua kila siku, tulia. Maumivu yalipungua kisha siku ya nne yakaanza kupanda, hiyo ni habari nyingine.

Mwenye kazi ya mezani anaweza kurudi baada ya siku mbili tatu, na kandambili. Mwenye kazi ya kusimama, wiki moja. Mpira na kukimbia, ngoja mpaka kidonda kimekauka kabisa na kidole kinavumilia kubonyezwa, kwa kawaida wiki nne au zaidi. Njumu ya kubana ndiyo iliileta nusu ya timu yetu ya mtaa kwenye shida hii, usiirudie.

Rudi hospitali siku hiyohiyo ukiona uvimbe na joto vinapanda kutoka kidoleni kuelekea mguuni, homa, harufu mbaya na usaha mzito, damu isiyokoma baada ya kubanwa, au kidole kuwa cheupe, cha bluu au cheusi. Na ganzi ikiwa bado ipo kesho yake, hiyo usiingoje hata kidogo.

Ukucha mpya

Ukucha wa mguu hukua kama milimita moja na nusu kwa mwezi, nusu ya kasi ya ule wa mkono. Aliyeng'olewa wote asubiri mwaka mzima, pengine mwaka na nusu, kuuona umekamilika. Mwanzoni huwa na mawimbi na rangi isiyoeleweka. Katika muda huo kila jioni nilikuwa nasukuma nyama ya mbele ya kidole kurudi chini kwa mafuta ya nazi, dakika mbili, ili isiinuke na kuziba njia.

Kata baada ya kuoga, ukucha ukiwa laini. Kata moja kwa moja kama unavyokata karatasi kwa rula, usawa wa ncha ya kidole, kona zionekane. Kona ikikwaruza soksi, isugue kwa tupa ya kucha, usiifuate ndani. Kijana anayepita mtaani kwetu na beseni lake la kuosha miguu namwambia kabla hajakaa kwenye kigoda asiguse kona. Huwa ananung'unika kuwa ukucha wa mraba haupendezi, ananiosha visigino, anachukua 2,000 yake. Kidole gumba cha kushoto nakikata mwenyewe.